Wonder Woman ni Yupi? Mzunguko Unajibu

Katika kitabu cha katuni, kumgeuza Diana Prince kuwa Wonder Woman ni kazi nyepesi. Picha ya kwanza yuko na sare na miwani, ya pili yuko na taji na bangili, na kilichotokea katikati msomaji anajijazia mwenyewe. William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter walipomtoa mwaka 1941 hawakudaiwa maelezo zaidi. Kamera haipati nafuu hiyo. Ama imwonyeshe akigeuka, ama imfiche, na hapo ndipo waigizaji waliovaa uhusika huu wanapoanza kuachana.

Cathy Lee Crosby, aliyeonekana katika kituo cha televisheni cha ABC mwaka 1974, hatamchelewesha mtu. Nywele zake zilikuwa za rangi ya dhahabu, vazi lake lilifanana na la mwanamichezo, na nguvu za ajabu hazikuwepo. Alikuwa jasusi mzuri tu.

Mwaka uliofuata, Novemba 1975, kituo hichohicho kilijaribu tena kwa filamu ya majaribio na binti asiye na jina kubwa, Lynda Carter, aliyekuwa Miss World USA wa 1972. Watengenezaji walikwama palepale: atabadilikaje? Wazo la kuzunguka lilitoka kwa Carter mwenyewe, aliyekuwa amejifunza dansi. Basi akazunguka kama pia, na mafundi wakabaki na kazi ya kufanya mzunguko huo uaminike.

Walichofanya mwanzoni kilitaka subira. Kamera ilifungwa isitikisike hata kidogo, ikakimbizwa haraka kuliko kawaida ili picha zikionyeshwa ziende taratibu. Carter alizunguka akiwa na nguo za Diana. Kisha kazi ilisimama: vazi likabadilishwa, nywele zikapangwa upya, naye akarudi mahali palepale kuzunguka kwa mwendo uleule. Chumba cha uhariri kilipandanisha vipande viwili, cha kwanza kikififia huku cha pili kikijitokeza juu yake. Mwili ukikosea hatua kidogo tu, ujanja wote unaonekana. Katika sehemu za mwanzo za kipindi kilichofuata alimaliza mzunguko akiwa ameshika nguo alizovua, jambo la kuchekesha kidogo lakini lenye mantiki, kwa sababu mtazamaji yeyote makini angeuliza zimeenda wapi.

Ratiba ya televisheni haivumilii anasa ya namna hiyo. Baadaye ukaja mwako mweupe wenye mngurumo: Carter anazunguka, mwanga unalipuka na kuijaza skrini, na chini ya mwanga huo mhariri anakata filamu na kuunga kipande kingine. Hakuna tena haja ya kupandanisha mizunguko miwili. Kilichozaliwa kwa kubana muda kikageuka kuwa alama ya kipindi chote hadi kilipoisha mwaka 1979, na watoto wakakiigiza uani hadi wakapata kizunguzungu.

Lakini mbinu peke yake isingetosha. Mzunguko unauacha uso wazi, kwa hiyo mtazamaji anaona kwamba aliyeingia ndiye aliyetoka. Carter alilijua hilo, akaigiza bila kukonyeza. Hilo halikuwa jambo la kutarajiwa, maana filamu ile ya majaribio iliandikwa na Stanley Ralph Ross, mmoja wa waandishi wa Batman ya miaka ya 1960 iliyojaa mzaha, na Cloris Leachman alimwigiza malkia wa Amazoni, wanawake mashujaa anakotoka Diana, kwa vichekesho vitupu. Katikati ya masihara hayo Carter anazungumza kwa upole na adui aliyefungwa kwa kamba yake ya ukweli, na anaaminika.

Gal Gadot alikuja mwaka 2016 katika Batman v Superman, kisha 2017 katika filamu yake mwenyewe chini ya Patty Jenkins. Hapo hakuna mzunguko. Hata hivyo tukio linalokumbukwa kuliko yote katika filamu hiyo, lile la kuvuka uwanja wa mauti kati ya mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nalo ni la kubadilika. Jenkins ameeleza kwamba alilazimika kulitetea, kwa sababu baadhi ya wenzake hawakuona Diana anapigana na nani hasa. Namna alivyolijenga ni kinyume cha 1975: koti linaanguka, taji linaonekana, kiatu kinakanyaga ngazi, kisha ngao. Vipande vifupi, mwendo wa taratibu, muziki ukipanda. Shujaa anaundwa na mhariri, na Gadot anapewa mwili wa kupanda tu.

Inasisimua mno. Tatizo ni kwamba ujenzi huohuo ungemtosha mwigizaji mwingine mwenye mabega imara, ilhali mzunguko wa Carter ni wa Carter.

Kwenye mapigano, kura inahamia kwa Gadot, na haraka. Carter anawarusha wanaume kwa heshima kubwa mno, na kazi nzito mara nyingi ilimwangukia Jeannie Epper, mwanamke wa stanti ambaye jina lake linastahili kutajwa zaidi. Jenkins, kwa upande wake, alijaza ufuo wa Amazoni kwa wanamichezo wa kweli, akiwemo bondia Ann Wolfe, na uzito wao unaonekana kila mtu anapoanguka. Gadot naye alirudi kupiga picha za nyongeza akiwa na ujauzito wa miezi mitano; vazi lilikatwa tumboni, kikawekwa kitambaa cha kijani, na kompyuta ikafuta kilichobaki. Hakuna aliyeona kwenye sinema.

Jenkins mwenyewe alionekana kujua uzani wa mambo. Mwishoni mwa Wonder Woman 1984, filamu ya mwaka 2020, anamleta Carter kama Asteria, shujaa wa kale wa Amazoni, akidaka kwa mkono mmoja nguzo inayoanguka barabarani. Hakuna taji wala bangili, na mwongozaji hakuona haja ya kuviongeza.