Ufundi wa Tamathali, Kutoka Mbozi Hadi Tunduma

Tamathali za usemi ni namna za kulitoa neno katika maana yake ya kila siku, au kuyapanga maneno kwa sauti na mpangilio wa pekee, ili msikilizaji aone na ahisi jambo ambalo kauli kavu isingemfikishia. Vitabu vya shule huziorodhesha: tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha, tafsida, kejeli, takriri, tanakali sauti. Orodha hiyo inafaa, lakini mwanafunzi wa Vwawa au Mlowo anayeikariri kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne na kuishia hapo amebaki na majina matupu. Uhakiki huanza pale anapouliza: tamathali hii imefanya kazi gani hapa, ambayo maneno mengine yasingeifanya?

Kimondo cha Mbozi kinafaa kwa jaribio. Kipo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, na kauli kavu itasema kwamba ni bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaozidi tani 10, ambalo habari zake zilianza kuenea nje ya Mbozi mwaka 1930. Sasa kauli ibadilishwe: kimondo kimelala kilimani kama ng'ombe aliyeshiba. Hiyo ni tashbihi. Vitu viwili vimewekwa kando kwa kando, kiungo "kama" kinaonekana wazi, na msomaji ameachiwa apime mwenyewe vinapofanana: uzito, utulivu, kutoshtushwa na wapita njia. Tashbihi ingekuwa dhaifu kama kimondo kingefananishwa na mwamba, kwa sababu mwamba na kimondo viko karibu mno na hakuna kipya kinachozaliwa kati yao. Ng'ombe yuko mbali na chuma, na umbali huo ndio unaoipa kauli nguvu.

Sitiari hukiondoa kiungo: kimondo ni mgeni aliyegoma kuaga. Hapa msomaji haambiwi kwamba kitu kimoja kinafanana na kingine. Anaambiwa kwamba ndicho. Ndani ya maneno hayo matano kuna safari kutoka angani, kuna wenyeji wa Mbozi waliompokea bila kumwita, na kuna muda mrefu usiohesabika. Hakuna lililotajwa, na yote yamesikika. Sitiari ina hatari kuliko tashbihi, kwa kuwa ikikosea haina "kama" ya kujikinga nayo, na pengine ndiyo maana washairi wazuri huionea fahari zaidi.

Kuhusu majina, waandishi hawajakubaliana. Kinachoitwa sitiari katika madarasa mengi ya Tanzania, Kenya mara nyingi huitwa jazanda. Nalo neno istiara wapo wanaolitumia kwa maana ya sitiari, na wengine wameliweka kwa ajili ya hadithi nzima yenye maana ya pili chini ya ile ya juu. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila ya mwaka 2003 imesaidia kulipanga eneo hili. Mhakiki makini hueleza mapema anatumia jina lipi kwa maana ipi, kisha anaendelea na kazi.

Tunduma, mji unaopakana na Nakonde ya Zambia, una sitiari zake zinazotembea mitaani bila kusomewa darasani. Iliyo kubwa ni "njia za panya", yaani vichochoro vya kuvuka mpaka bila kupita forodha. Msemo huu umezoeleka kiasi kwamba hata taarifa za viongozi huutumia, na wasemaji wengi hawamkumbuki tena panya mwenyewe. Wahakiki huiita sitiari ya aina hii sitiari mfu. Hata hivyo ikichunguzwa kwa karibu inaonekana bado inapumua. Panya ni mdogo, hupita usiku, haingii mlangoni, na huchukua kidogo kidogo mpaka ghala likaonekana limepungua. Ana matundu mengi, na likizibwa moja hufungua jingine. Aliyeubuni msemo huo hajulikani kwa jina, lakini alikuwa na jicho la mshairi, na alieleza tatizo la mpaka mzima kwa maneno matatu.

Karibu na hiyo kuna "kitu kidogo", jina la heshima linalopewa rushwa. Hii ni tafsida, tamathali inayopunguza ukali wa jambo. Msibani, mtu anaposema marehemu "ametutoka", tafsida inawastahi wafiwa. Kwenye "kitu kidogo" umbo ni lilelile lakini kazi imegeuka: neno linamstahi mpokeaji na kumficha anayeumia. Vitabu vingi vya kiada hutoa fasili ya tafsida na mifano ya haja ndogo na uja uzito, kisha vinapita. Ni hasara kubwa, kwa sababu hapa ndipo kijana angejifunza kwamba tamathali inaweza pia kutumika kudanganya, na kwamba kuitambua ni namna ya kujilinda.

Tashihisi, inayokipa kisicho mtu matendo ya mtu, na mubalagha, inayotia chumvi, hazihitaji maelezo marefu. Barabara ikisemwa imemeza watu, ni tashihisi. Foleni ya malori ikisemwa imefika mbinguni, ni mubalagha.

Sauti ndizo zinazostahili kuzungumzwa kwa kirefu. Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingine za Kibantu, Kinyiha na Kinyamwanga zikiwemo, kina hazina kubwa ya viigizi, yaani maneno ya tanakali sauti. Giza huwa totoro, weupe huwa pepepe, weusi huwa tititi, ukimya huwa jii. Mtu akitumbukia majini ni chubwi, mzigo ukianguka ni puu. Maneno haya hayaelezi kitendo. Yanakifanya kitokee masikioni. Takriri nayo hurudia neno au silabi kwa makusudi. Methali "Haraka haraka haina baraka" inakaa kinywani kwa sababu silabi "raka" zimegonga mara tatu, na mwendo wenyewe wa maneno unakimbia kama anayeonywa.

Katika ushairi sauti hupangwa kwa hesabu. Kaluta Amri Abedi, mshairi na kiongozi aliyefariki mwaka 1964, aliziweka kanuni hizo katika kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Umbo lililoenea zaidi ni tarbia, ubeti wa mishororo minne. Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya:

Lori lafika mpaka, foleni barabarani,
Dereva ameshashuka, anywa chai kibandani,
Karatasi zasomeka, mhuri bado mezani,
Ya leo ikikatika, ya kesho imo njiani.

Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: nane katika ukwapi, kipande cha kwanza, na nane katika utao, kipande cha pili. Kina cha kati ni "ka" na cha mwisho ni "ni", navyo havibadiliki mpaka mwisho wa ubeti. Mshororo wa kwanza huitwa mwanzo, wa pili mloto, wa tatu mleo, na wa nne kituo. "Mpaka" limesimama mahali pa "mpakani", kwa kuwa mizani na kina havikuruhusu silabi ya ziada. Ufupishaji huo ni inkisari, uhuru aliopewa mshairi. "M" ya "mpaka" na ya "mhuri" ni mizani kamili peke yake, jambo linalowapotosha wengi wanaohesabu kwa macho badala ya kusoma kwa sauti. Kisha kuna mhuri wenyewe. Uko mezani, lakini kinachosubiriwa ni uamuzi wa afisa. Kitu kimesimama badala ya mamlaka inayokitumia, na hiyo ni taashira. Hakuna anayelaumiwa kwa jina katika ubeti huu, ila msomaji anajua gari limekwama wapi.

Mshairi Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, aliacha vina na mizani, na mabishano kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yakapamba moto. Wanamapokeo walidai kwamba utungo usio na vina si shairi. Hoja yao ilikuwa na uzito, maana arudhi, yaani kanuni hizo za vina na mizani, humlazimisha mtunzi kulitafuta neno mpaka alipate, na mengi mazuri yamezaliwa katika utafutaji huo. Lakini shairi huru halikumpunguzia mtunzi kazi. Palipoondoka vina, mzigo wote uliangukia sitiari, taswira, takriri na mahali pa kukatia mshororo, na kosa dogo katika lolote kati ya hayo huonekana mara moja, kwa kuwa hakuna mlio wa kina wa kulifunika.