Mkubwa wa Karakana

Januari, shule za bweni zinapokaribia kufunguliwa, Kamukunji, eneo la mafundi wa bati jijini Nairobi, haipumui. Kila mzazi anataka sanduku la bati, na kila sanduku hupita mikononi mwa wengi: wa kupima na kukata, wa kukunja kingo, wa kutia bawaba, wa kupaka rangi. Nyundo zinalia hadi mtu akitaka kusema neno humsogelea mwenzake sikioni. Sifa za masanduku hayo huimbwa na kila anayepita. Mimi namsifu aliye nyuma ya masanduku, mkubwa wa karakana, ambaye ufundi wake haupangwi kando ya barabara ukauzwa.

Nilimwona mmoja siku mwanagenzi wake alipokata bati likapungua upana. Bati ni pesa, na msimu ulikuwa umechacha. Kijana alisimama na makasi mkononi, akingoja matusi. Mzee aliligeuza lile bati, akalipima kwa jicho, kisha akalichora upya kwa msumari: litatoa vizoleo vya taka viwili. Akachutama kando ya kijana, wakapima bati la pili pamoja, kidole cha mzee kikishikilia rula isiteleze. Basi. Hakuna hotuba iliyotolewa.

Wenzake wote waliona, na hapo ndipo faida ilipo. Mahali ambapo kosa hulipiwa kwa matusi, kosa hufichwa. Ukingo uliopasuka hufunikwa kwa rangi, na mteja hulirudisha sanduku akiwa amefura. Mahali ambapo kosa husemwa mapema, hurekebishwa lingali dogo. Upole wa mzee ni hesabu nzuri ya biashara, ingawa sidhani yeye huupigia hesabu.

Eastlands, upande huu wa mashariki wa Nairobi, inawajua wakubwa wa aina nyingine. Mitaa kama Kaloleni na Makongeni ilijengwa wakati wa ukoloni kuwaweka wafanyakazi Waafrika, na nyapara aliyefokea watu ni sura ambayo wazee hawajaisahau. Baadaye, mwaka 1985, Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, wakaahidiwa vibanda vya kuwakinga jua. Serikali inaweza kuezeka paa. Adabu ya kazi chini ya paa hilo ni juu ya mwenye kibanda. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, lakini vibandani makubaliano mengi ni ya mdomo. Kwa hiyo kijana humsoma mkubwa wake. Je, chai ya saa nne humfikia hata aliyechelewa? Je, Jumamosi hulipwa mapema, apate kupitia soko la Burma kununua nyama kabla halijafungwa? Akiuguliwa na mtoto, huulizwa hali ya mtoto kabla ya kuulizwa kazi?

Wema huu haulipi kodi ya nyumba. Anayetabasamu huku akipunja ujira ni mlaghai tu, na vijana humtambua upesi. Ujira wa haki utangulie, utu uufuate.

Mwanagenzi akiiva huondoka na nyundo yake, akafungua kibanda Kariobangi au Kayole, akaajiri vijana. Masanduku yake yatanyooka, maana mkono umezoea. Kama alifunzwa yote, tutajua siku kijana wake atakapoharibu bati la kwanza.