Wadhamini Watatu, Kiti Kimoja
Aprili 2016, Donald Trump alishinda kura za mchujo za Republican katika kaunti zote za New York isipokuwa moja: Manhattan, kwake mwenyewe, alikobwagwa na John Kasich. Kilichowavutia wajuzi wa kanuni siku ile ni jinsi wajumbe 95 wa mkutano mkuu walivyogawanywa. Kila jimbo la uchaguzi wa Bunge la Marekani lilipewa wajumbe watatu, liwe limejaa wanachama au wamo wa kuhesabika. Mwana-Republican wa Bronx, ambako chama chake ni kama mgeni, kura yake ilikuwa na uzito mara nyingi zaidi ya ile ya mwenzake wa mashambani kaskazini.

Hesabu hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa kwa nini mtu agombee ujumbe wa kamati ya kaunti ya Republican mahali kama Manhattan, ambako wanachama wake hawafiki mmoja kati ya wapiga kura kumi, na ambako Trump mwaka 2020 aliambulia takriban asilimia 12.

Kiti chenyewe ni kidogo. Kila eneo la kupigia kura, lenye wapiga kura mia kadhaa hadi elfu moja na ushee, huchagua wajumbe wasiopungua wawili, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Aliyewahi kumjua balozi wa shina wa CCM anaweza kuanzia hapo kupata picha, ingawa balozi ana kazi nyingi zaidi mtaani kwake.

Mgombea huanza na daftari. Bodi ya uchaguzi hutoa orodha ya waliojiandikisha kwa kila chama, nyumba kwa nyumba, maana New York mpiga kura hujiandikisha kwa jina la chama akitaka kupiga kura za mchujo. Sheria inadai wadhamini asilimia 5 ya wanachama wa eneo husika. Wakiwa 60, wanahitajika watatu. Watatu tu! Kwa chama cha Democratic mtaani hapohapo, idadi huwa mara kadhaa ya hiyo.

Ila watatu hao ndio kazi. Ghorofa lenye familia mia mbili huenda lina wanachama watano. Mmoja kahama, mwingine hafungui mlango, wa tatu hataki majirani wajue msimamo wake. Mlinzi wa mlangoni naye ana neno lake. Saini ya mwanachama wa chama kingine haihesabiwi. Aliyekwisha kumdhamini mgombea mwingine wa kiti hichohicho, saini yake ya kwanza ndiyo inayosimama. Tarehe ikikosekana, saini imekufa. Anayekusanya lazima naye awe mwanachama wa chama hicho, au ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha, na atie saini yake kushuhudia kila karatasi. Wazoefu hukusanya mara mbili au tatu ya kiwango, maana pingamizi huja.

Na pingamizi si mzaha. Huko Chicago mwaka 1996, Barack Obama alipita kwenye mchujo wa useneta wa Illinois bila mpinzani baada ya timu yake kuzipinga saini za washindani wote, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Mwaka 2000 John McCain alilazimika kwenda mahakama ya shirikisho ili jina lake liwekwe kwenye karatasi za mchujo wa Republican kote New York, kwa sababu viongozi wa chama chake mwenyewe walimtaka George W. Bush.

Saini zikisalimika na asijitokeze mshindani, mgombea hupita bila kupingwa. Jina lake halichapwi kabisa kwenye karatasi ya kura. Viti vingi hupatikana hivyo, na vingine hubaki wazi. Sheria inamruhusu mtu agombee eneo asiloishi, mradi liko ndani ya jimbo lake la bunge la New York, kwa hiyo kundi dogo lililojipanga linaweza kujaza mtaa mzima wa viti vilivyoachwa.

Faida yake iko wapi? Katiba ya New York inataka vyama viwili vikubwa viwe na nguvu sawa katika kusimamia uchaguzi. Bodi ya jiji ina makamishna 10, wawili kwa kila sehemu ya jiji, mmoja kutoka kila chama, na majina hupendekezwa na vyama vya kaunti, vinavyoongozwa na kamati hizi. Hata wasimamizi wa vituoni, ambao hulipwa, hugawanywa nusu kwa nusu. Kwa hiyo chama kinachoshindwa Manhattan kila mwaka kinashika nusu ya meza inayohesabu kura za Manhattan.

Kamati hutakiwa kukutana ndani ya siku 20 baada ya kuchaguliwa ili kupata mwenyekiti. Hapo wajumbe wapya wengi hupoteza walichokipata. Katika baadhi ya kamati za jijini mjumbe anaweza kumkabidhi mwingine kura yake kwa maandishi, na kadi ya kukabidhi humfikia nyumbani mapema, imeshajazwa jina la mtu wa uongozi, imebaki saini yake tu.