Karanga za Kongwa na Fedha ya Umma

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za karanga za Kongwa, na walio wengi huzisimulia kwa kucheka. Husema ya kwamba Waingereza walikuja na mashine zao, pori likawashinda, wakarudi kwao. Naona masimulizi hayo yanapotosha. Pori la Ugogo halikuwa na hila yo yote. Lilikuwa vile vile kabla wao hawajaja. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni jinsi fedha ya umma ilivyotolewa, jinsi ilivyohesabiwa, na jinsi ilivyokosa mtu wa kuizuia.

Kwanza tuwe watu wa haki. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, watu wa Uingereza walikuwa wakipimiwa chakula, na siagi na mafuta ya kupikia yalikuwa haba mno. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya biashara iitwayo United Africa Company, aliipelekea serikali yao shauri la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikamtuma Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo katika Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, waje kutazama. Walizunguka muda wa wiki tisa, na sehemu nyingine za nchi waliziona kutoka angani tu. Wakaandika ya kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa katika muda wa miaka sita, nyingi katika Tanganyika, na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Na gharama yake ni kama pauni milioni 24. Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, akaliunga mkono shauri hilo. Haja ilikuwa ya kweli, wala nia haikuwa mbaya.

Lakini tazama yaliyoachwa. Mkulima ye yote akipewa mbegu asiyoijua huipanda kidogo pembeni mwa shamba, apate kuona mwaka mmoja au miwili itakavyokuwa. Hapa halikulimwa kwanza hata shamba la majaribio. Wagogo wa Kongwa walizijua mvua zao. Ndiyo sababu hupanda uwele na mtama, nafaka zivumiliazo jua, na kuiweka akiba yao katika ng'ombe. Wazee wao walikuwa hawajaisahau Mtunya, njaa kuu iliyowaua watu wengi katika miaka ya mwisho ya vita vya kwanza na baada yake. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mgeni huyu alikata shauri lake kabla ya kupiga hodi. Wala sauti ya Waafrika haikuwa na nguvu penye sheria. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wajumbe wa kwanza Waafrika waliingia mwaka 1945 tu, nao walikuwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, wote kwa kuteuliwa. Na shauri lenyewe lilikatwa London, si Dar es Salaam.

Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta mapya hayakutosha, yakanunuliwa yale yaliyobaki vitani, mengine kutoka Philippines. Hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya miiba na mibuyu vikavunja vyuma. Udongo wa Kongwa ni mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali: mchanga ulizila plau, na mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu hata kung'oa karanga kukawa taabu kubwa. Ilikusudiwa kulima ekari 150,000 kwa msimu wa kwanza. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Hapo ndipo mwenye shamba lake angalisimama na kujiuliza. Kwa nini wao hawakusimama? Nadhani jibu liko katika kipimo walichojiwekea. Walijihesabia ekari zilizofyekwa, matrekta yaliyoshushwa bandarini, na watu walioandikwa kazi. Hizo zote ni hesabu za kutumia. Hesabu ya magunia ilikuwa ya baadaye, na baadaye hiyo ilizidi kusogea mbele. Sisi walimu twaujua ugonjwa huu: mtoto akijaza daftari zima kwa wino, wazazi hufurahi kuona kurasa zimejaa, wasiulize kama majibu ni sahihi. Tena, waziri aliyekwisha kulisifu jambo mbele ya Bunge hawezi kulisimamisha ila kwa kujiaibisha, na wapinzani wake wakimngoja mlangoni. Basi kila upungufu ulipotokea, dawa ikawa kuongeza fedha.

Mwaka 1948 kazi ilitolewa mikononi mwa ile kampuni ikapewa shirika la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu za shirika hilo walikataa kushuhudia ya kwamba vitabu vya hesabu vilitunzwa ipasavyo. Nawaomba wasomaji walipime neno hilo polepole. Mvua ni ya Mungu, na udongo ni wa mahali pale. Lakini kitabu cha hesabu ni karatasi, kalamu na mtu mwaminifu, na havihitaji mvua. Mwezi wa Januari mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu, yaani zaidi ya shilingi milioni 720 kwa hesabu ya siku zile. Walioupata mzigo huo ni walipa kodi wa Uingereza, wale wale waliokuwa wakipimiwa siagi.

Wako wasemao, basi serikali isijitie katika kilimo, iwaachie wafanyabiashara. Wanasahau ya kuwa shauri lilizaliwa na mfanyabiashara, na mwaka wa kwanza liliendeshwa na kampuni yake. Wengine husema kosa lilikuwa la ugeni. Nalo halisimami, maana baada ya uhuru sisi wenyewe tulianzisha vijiji vya makazi mapya kwa matrekta na mikopo mikubwa, na mwaka 1966 serikali yetu ikaiacha njia hiyo, kwa kuwa gharama ilikuwa imeyapita mavuno. Rangi ya mtoaji fedha haikubadili kitu.

Tena yako mambo ya kusini, ambayo hayasimuliwi sana. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari mpya Mtwara, na reli ya kwenda bara. Reli ilikosa mizigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ikabaki. Na ni mazao gani yaliyokuja kuipa kazi? Ni korosho, zilizopandwa na wakulima wadogo, huyu miche kumi, yule hamsini, katikati ya mihogo yao, pasipo vifaru. Mti uliokufa ulikuwa hasara ya mtu mmoja, na jirani yake aliona akajifunza. Sisemi ya kuwa kila kilicho kidogo ni chema. Vyama vya ushirika vimepata kuwaibia wakulima pia. Nasema tu ya kwamba kosa la mdogo huonekana mapema, wakati lingali dogo.

Mambo haya hayako mbali nasi. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, na huko mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Wengi wetu hatuendi. Na tuendao husikiliza kiasi kilichotumika, tukaridhika kikilingana na kiasi kilichopokewa. Hesabu ya namna hiyo yaweza kuwa safi kabisa, na kisima kisitoe maji. Ningependa waandishi wa vijiji waongeze safu ya tatu katika karatasi ibandikwayo ukutani. Baada ya fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, iandikwe kilichopatikana: ndoo ngapi zachotwa kwa siku, watoto wangapi wamekaa katika darasa jipya, magunia mangapi yamevunwa kwa mbolea iliyonunuliwa. Na ikiwa safu hiyo ni tupu kwa mikutano miwili mfululizo, mwenye kiti aulizwe kabla fedha ya tatu haijatolewa.