Maji Yakitibuka Ndani ya Mfuko

Mwaka 2009 hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianza kusafisha damu bila mashine kwa wagonjwa ambao figo zao zimezima ghafla. Wagonjwa wa namna hii wanajulikana katika kila wodi ya kaskazini: mzazi aliyetokwa na damu nyingi, mtoto aliyeharisha mpaka akakauka, mtu mzima aliyelemewa na malaria kali. Figo zilizozima hivyo mara nyingi huamka zenyewe baada ya siku au wiki kadhaa, lakini potasiamu, sumu na maji ya ziada huweza kumuua mtu kabla hazijaamka. KCMC, ikishirikiana na Sustainable Kidney Care Foundation, iliwavusha wagonjwa wake kwa mpira laini uliopitishwa kwenye ukuta wa tumbo na mifuko ya maji yenye glukosi. Taarifa ya wagonjwa 20 wa kwanza, iliyoandikwa na Dkt. Kajiru Kilonzo na wenzake, ilichapishwa mwaka 2012. Wengi wao walirudi nyumbani figo zikifanya kazi.

Naitazama kazi ile nikiwa na Karatu na Ngorongoro akilini. Kama kuna mahali ambapo njia ya tumbo ingefaa kuliko mashine, ni huko juu. Mashine ya kusafisha damu hupitisha nusu lita ya maji kila dakika, kwa hiyo kikao cha saa nne humaliza lita 120 za maji yaliyochujwa kwa mtambo maalumu, na umeme haupaswi kukatika. Njia ya tumbo haidai hayo. Unajaza takriban lita mbili tumboni, unaziacha zikae saa nne hadi sita, uchafu unahama kutoka kwenye mishipa midogo ya utando wa tumbo na kuingia kwenye maji hayo, glukosi inavuta maji ya ziada, kisha unamwaga na kujaza upya. Mgonjwa wa kudumu huifanya kazi hii mara nne kwa siku, nyumbani kwake, kwa mikono yake.

Mikono hiyo ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Mara nne kwa siku ni mara 1,460 kwa mwaka, na kila mara mfereji unaoelekea tumboni unafunguliwa. Ndani kuna joto la mwili, sukari, na kinga iliyozimuliwa na lita mbili za maji. Stafilokokasi wachache wa ngozini, au E. coli aliyekuja na maji ya kunawia, hawahitaji zaidi ya hapo. Wapo pia wanaopita ukuta wa utumbo wenyewe bila kuguswa na mkono wa mtu, hasa mgonjwa anapofunga choo, ndiyo maana muuguzi mzuri wa kitengo hiki humuuliza mgonjwa habari za choo kabla ya kumuuliza jambo jingine lolote.

Historia ya njia hii inafundisha kuliko vitabu vingi vya dawa. Mpira wa kudumu uliletwa na Henry Tenckhoff mwaka 1968. Mwaka 1976 Robert Popovich na Jack Moncrief wa Texas walieleza utaratibu wa kubadilisha maji mchana na usiku bila mashine, lakini wakati huo maji yalikuwa kwenye chupa za kioo na maambukizi yalikuwa mengi mno. Mjini Toronto, Dimitrios Oreopoulos akaleta mifuko ya plastiki mahali pa chupa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Umberto Buoncristiani wa Perugia, Italia, akabuni mpira wenye umbo la Y. Ukishaunganisha, hujazi tumbo kwanza. Unaacha maji yatoke na kukosha maungio, yakibeba bakteria walioangukia hapo mkono ulipogusa, ndipo unajaza. Maambukizi yakashuka sana. Hakuna antibayotiki mpya iliyohusika. Kilichobadilika ni mpangilio wa kazi: osha kabla ya kujaza. Leo mwongozo wa chama cha kimataifa cha fani hii, ISPD, unataka kituo kisizidishe maambukizi 0.40 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani mgonjwa mmoja apate mara moja katika miaka miwili na nusu.

Sasa rudi Tanzania. Mifuko ya kiwandani ni ghali na hutegemea shehena kutoka nje. Kwa mgonjwa wa dharura, mwongozo wa ISPD unaruhusu maji yatayarishwe hospitalini: lita moja ya dripu ya Ringer ikiongezwa mililita 30 za deksitrosi ya asilimia 50 hutoa kiwango cha glukosi cha karibu asilimia 1.5. Hesabu ni rahisi na imeokoa watu. Lakini kila sindano inayotoboa mfuko ni mlango mwingine, kwa hiyo anayetayarisha anapaswa kunawa, kuvaa glavu safi, kutoboa mara chache iwezekanavyo na kutumia maji yale papo hapo. Mfuko uliotayarishwa asubuhi ukatumika jioni ni hatari, hata kama unaonekana safi.

Dalili ya kwanza ya kushindwa huonekana kwa macho. Maji yanayotoka, ambayo yangepaswa kuwa maangavu kiasi cha kusomea gazeti, yanakuja yametibuka, na tumbo linauma. Maabara ikihesabu chembe nyeupe zaidi ya 100 katika mikrolita moja, na zaidi ya nusu yake zikiwa zile za kupambana na bakteria, maambukizi yamethibitika hata kabla jina la bakteria halijajulikana. Dawa huanza saa hiyohiyo, na huingizwa tumboni moja kwa moja pamoja na maji. Kwa kuwa jina halijulikani, daktari hukisia kwa kutumia dawa mbili: moja ya stafilokokasi na jamaa zake, kama sefazolini au vankomaisini, na nyingine ya bakteria wa utumbo, kama jentamaisini au sefalosporini ya kizazi cha tatu.

Hapo ndipo usugu wa vimelea dhidi ya dawa unapouma. Utafiti wa Stephen Mshana na wenzake katika hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta asilimia 64 ya bakteria aina ya Klebsiella pneumoniae wakitengeneza kimeng'enya kinachovunja sefalosporini hizo, na kwa E. coli ilikuwa asilimia 24. Miaka minne kabla, taarifa kutoka Muhimbili ilionyesha kwamba kati ya watoto wenye maambukizi ya damu yaliyosababishwa na bakteria wa aina hiyo, asilimia 71 walifariki. Hao hawakuwa wagonjwa wa kusafishwa damu, lakini bakteria ni walewale na kabati la dawa ni lilelile. Kisio la daktari likikosea, nusu ya tiba inakuwa maji matupu kwa siku mbili au tatu mpaka majibu yatoke. Maambukizi yasiposikia dawa, mpira lazima utolewe. Katika jiji lenye mashine mgonjwa huhamishiwa huko kwa muda. Mgonjwa wa mbali aliyechaguliwa njia ya tumbo kwa sababu mashine haimfikii hana pa kuhamishiwa. Kwake, bakteria sugu wanaondoa tiba yote, si dawa moja tu.

Bakteria hao wanatoka wapi? Kaskazini mwa Tanzania swali hili lina jawabu la haraka linalosemwa na wengi: wafugaji. Oksitetrasaiklini inauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, mfugaji anachoma sindano mwenyewe, maziwa yanakamuliwa kabla dawa haijaisha mwilini mwa ng'ombe. Yote hayo hutokea. Lakini je, ndiyo yanayoamua nani atabeba bakteria sugu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Communications, ukiongozwa na Murugan Subbiah, Mark Caudell na Douglas Call wa Washington State University, ulilijaribu jawabu hilo kwa namna inayostahili kutazamwa kwa makini.

Walifanya kazi na kaya 425 za Wamasai, Waarusha na Wachaga. Hawakuishia kwenye dodoso. Walichukua sampuli kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji, wakaotesha bakteria wa utumbo na kupata vioteshwa 62,376, wakavijaribu dhidi ya dawa mbalimbali. Ukubwa wa idadi hiyo si mbwembwe. Mnyama mmoja hubeba aina nyingi za E. coli kwa wakati mmoja. Ukichukua moja tu kwa kila kinyesi, unaweza kukosa ile sugu iliyo moja kati ya kumi. Kisha wakasoma jenomu nzima za bakteria 816, ili waone kama E. coli wa ng'ombe ni ukoo wa peke yake na wa binadamu ni ukoo mwingine. Hawakuona mgawanyiko huo. Bakteria wa mtu, wa mbuzi, wa mbwa na wa mnyama wa porini ambaye hajawahi kuchomwa sindano walichanganyika kwenye mti mmoja wa nasaba, na uwiano wa aina za usugu ulifanana kila walikopima. Walipoingiza kila kitu kwenye hesabu, matumizi ya dawa za mifugo hayakuonekana kuongeza uwezekano wa kukuta bakteria sugu. Kilichoonekana wazi ni mambo ya maisha yanayowasafirisha bakteria kutoka kiumbe hadi kiumbe.

Matokeo haya ni rahisi kuyapotosha. Hayasemi dawa zitumike ovyo. Usugu ulizaliwa na dawa, na dawa mpya ikitumiwa vibaya itauzaa usugu mpya. Yanachosema ni kwamba usugu ukishakaa katika mazingira, unadumu kwa kupita: kwenye lambo ambalo ng'ombe na punda wanaingia na watu wanachota, kwenye maziwa yasiyochemshwa, kwenye mkono ulioshika ndama ukashika kikombe. Mgonjwa aliyefundishwa kubadilisha mifuko yake katika boma la Endulen, huko Ngorongoro, anaweza kuwa hajameza kidonge cha antibayotiki mwaka mzima na bado utumbo wake ukawa na E. coli asiyesikia ampisilini wala tetrasaiklini. Nawasihi wanaopanga huduma waache kumlaumu mfugaji kwa sindano yake huku dumu la maji analonawia mikono halijaguswa na mpango wowote. Buoncristiani aliziba njia ya kupita kwenye maungio ya mpira. Kazi iliyobaki kwetu ni kuziba njia hiyohiyo kwenye beseni.

Kwa vitendo hii inamaanisha nini? Kabla mgonjwa wa nyanda zile hajapewa mpira wa kudumu, mtu aende kwake aone maji. Maji ya kunawia yachemshwe au yatiwe klorini, mikono ikaushwe kabisa, kwa maana mkono wenye unyevu huhamisha bakteria wengi kuliko mkavu, na pawepo dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti kwa siku ambazo maji ni ya shida. Sehemu ya kubadilishia iwe mbali na ndama na kuku. Tundu la mpira lipakwe marhamu ya antibayotiki kama mwongozo unavyoelekeza. Mafunzo yafanywe kwa Kimaasai au Kiiraqw pale Kiswahili kisipotosha, na mwanafunzi arudie mbele ya muuguzi mpaka asikosee.

Halafu maabara. Mgonjwa akiona maji yametibuka, mfuko ule haupaswi kumwagwa. Katika kituo cha karibu, mililita 5 hadi 10 ziingizwe katika kila chupa ya kuoteshea damu kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. ISPD inataka sampuli ifike maabara ndani ya saa sita. Kutoka Karatu mjini hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200 za lami, na gari likitoka asubuhi linawahi. Kutoka Endulen haliwahi kwa uhakika: barabara ni ya vumbi au matope kwa kutegemea msimu, na lango la hifadhi la Lodoare hufungwa usiku. Kwa hali hiyo chupa iliyokwisha kutiwa sampuli hutunzwa kwenye nyuzijoto 37 mpaka usafiri upatikane. Kinachohitajika Endulen, basi, ni kabati dogo la kutunzia joto, chupa ambazo muda wake haujapita, na mtu wa zamu anayejua kuzitumia usiku.