Jenerali wa Ruble 25: ufundi wa Chekhov katika "Harusi"

Kamati ya harusi ikishamaliza habari za ukumbi, mpishi na MC, hubaki swali la heshima: meza kuu ataketi mkubwa gani? Anton Chekhov alilijengea swali hilo tamthilia ya tendo moja, Harusi, mwaka 1889, akiunganisha hadithi zake fupi za awali, ikiwamo ya mwaka 1884 kuhusu jenerali wa kuletwa harusini. Mahali ni ukumbi wa kukodi, na yote yanakwisha usiku mmoja. Ufundi uko katika namna alivyogawa habari.

Mama wa bibi harusi anataka jenerali. Amempa Nyunin, wakala wa bima, ruble 25 amtafutie mmoja. Nyunin anamleta Revunov-Karaulov, kapteni mstaafu wa jeshi la majini, mzee asiyesikia vizuri, na kuapa kwamba cheo hicho ni sawa na ujenerali. Pesa ameziweka mfukoni. Basi mama anajua amelipa, Nyunin anajua pesa ziko wapi, na mzee anaamini ameitwa kwa ukarimu tu. Siku habari hizo tatu zikikutana, mchezo umekwisha. Kazi ya mwandishi ni kuzitenganisha kwa muda wa kutosha.

Anazitenganisha kwa nyenzo mbili. Ya kwanza ni uziwi wa mzee: hata akisemwa vibaya, hasikii. Ya pili ni Mozgovoy, kijana baharia aliyeketi miongoni mwa wageni. Mtu angemdhania wa kujaza viti. Kumbe bila yeye mzee hana wa kuzungumza naye. Akishamwona, anamwaga amri za matanga na kamba hadi ukumbi mzima unachoka.

Mlipuko nao umeandaliwa mapema. Tangu mwanzo bwana harusi, Aplombov, anadai tiketi za bahati nasibu alizoahidiwa pamoja na mke. Mtazamaji ameshaelewa kwamba hapa kila kitu kina bei. Kwa hiyo mama anapokosa subira na kutaja ruble 25, tunashtuka lakini hatuoni ajabu. Mzee anajibu kwamba yeye si jenerali, wala hajapokea pesa yoyote, kisha anaondoka amedhalilika. Uziwi uliotuchekesha sasa unatusuta. Chekhov hamwachi mtu atoe hotuba ya majuto: mama anaulizia pesa zake, Nyunin anadai muziki, kelele zinarudi.

Kikundi cha maigizo cha hapa kwetu, tuseme cha Mpanda, kinaweza kuuhamisha mchezo huu bila kuuvunja. Nyunin awe mjumbe wa kamati anayeapa kwamba mgeni wake ni sawa na mkuu wa mkoa. Mzee awe nahodha mstaafu wa meli za Ziwa Tanganyika, na baharia awe kijana wa bandari ya Karema, wazungumzie nanga na mawimbi mbele ya watu waliokuja kula pilau. Tiketi za Aplombov zinaweza kugeuka kiwanja alichoahidiwa.

Kisichobadilika ni uigizaji wa mzee. Waongozaji hushawishika kumfanya kichekesho, atetemeke na kupepesuka. Wakifanya hivyo, kuondoka kwake hakumuumizi mtazamaji yeyote. Anapaswa kusema habari za bahari kwa dhati, kama mtu aliyeikosa miaka mingi. Kicheko ni kazi ya wanaomzunguka.