Durusul-Lugha na Mwanafunzi wa Vudee

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ama baad. Imamu Shafii (r.a.), katika Risala yake, amewajibisha kila Muislamu ajifunze Kiarabu kwa kadiri ya uwezo wake. Basi tutazame njia tunayopita.

Durusul-Lughatil-Arabiyya cha Dkt. V. Abdur Rahim kinasomeshwa leo katika madrasa zetu. Mtunzi, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa Mhindi aliyesomesha Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Naye Kiarabu alijifunza, na ujuzi huo unaonekana: kitabu kinaanza na vitu vya karibu, nyumba, msikiti, mlango, kwa swali na jawabu. Ajurrumiyya huanza na taarifu ya kalaam. Ni matini tukufu, lakini aliyeihifadhi peke yake huweza kuirabu sentensi asiweze kuomba maji.

Hata hivyo, kwetu Durus ina mapungufu mawili.

Kwanza, ilitungwa kwa mwanafunzi wa Madina, ambaye akifunga kitabu, soko na msikiti humwendelezea somo. Mtoto wa Vudee, milimani Upare, akifunga kitabu anarudi kwenye Kipare nyumbani na Kiswahili shuleni. Na hicho Kiswahili hakukipata kwa kanuni, bali kwa haja: kucheza, kutumwa dukani, kumjibu mwalimu. Zaid bin Thabit (r.a.) alipoamrishwa na Mtume (s.a.w.) kujifunza maandishi ya Mayahudi, kama alivyopokea Tirmidhi, nusu mwezi ilimtosha, kwani barua zilikuwa zikimngoja.

Pili, haikuandikwa kwa mwenye lugha ya ngeli. Sisi husema "vitabu hivi" kwa wingi, basi mwanafunzi husema "haaulaai kutub", na sahihi ni "haadhihi kutub". Tena huona "rakhiis" akadhani ni jambo jepesi, kumbe ni kitu cha bei ndogo. Jepesi ni "sahl".

Dawa iko kwa mwalimu. Aamrishe kwa Kiarabu: funga mlango, lete maji, nani hayupo? Awatahadharishe na mitego hiyo kabla hawajanasa. Nahau ifuate, isitangulie. Tukipuuza, tutazidi kupata makhatibu wanaosoma khutba kwa irabu sahihi, na maana yake wanaisubiri kutoka kwenye tafsiri.

Wallahu aalam.